Mbegu Moja kwa Mashamba Yote

Kituoni walimwita Bi Wastani. Jina hilo alipewa na wapimaji wa mizani, waliochoka kumsikia akiuliza kila walipomletea matokeo, "Haya, wastani wake ngapi?" Hakukasirika. Mtu anayeshinda na tarakimu kutwa nzima hakosi jina la utani, na lake lilikuwa na nafuu kuliko la mtunza ghala, ambaye waliamua kumwita Panya na mwenyewe akaitikia.

Alikuwa mtakwimu wa kituo cha utafiti wa ngano. Chumba chake kilikuwa nyuma ya banda la kupuria, kina dirisha moja linalotazama viwanja vya majaribio, feni inayolalamika kuliko inavyopuliza, na kompyuta aliyoifunika kitambaa kila alipotoka kwa sababu ya vumbi la makapi. Kila msimu aina kadhaa za ngano zilipandwa katika vituo vidogo vilivyotawanyika nchi nzima: bondeni kwenye mifereji, kwenye miteremko yenye mvua ya uhakika, kwenye tambarare za udongo mweusi, na mwisho kabisa kwenye uwanda wa juu, pakavu, penye upepo, ambako mvua huja ikijisikia. Mavuno yakishapimwa, tarakimu zilimfikia yeye, naye alitakiwa kusema ngano ipi inazaa vizuri na ipi haiyumbi ikihamishwa mahali.

Hilo la kutoyumba ndilo lililomtoa jasho.

Mwaka huo ngano ya zamani, ile iliyolimwa na kila mtu, ilikuwa imeshambuliwa na kutu, ugonjwa unaoyapaka mashina rangi ya chuma kilichosahauliwa mvuani. Wakulima walivuna majani matupu. Kamati ya mbegu ilitaka aina mpya, na iliitaka haraka. Shamba la kuzalishia mbegu za serikali lilikuwa na nafasi ya aina moja tu.

"Nataka jina moja," mkurugenzi alimwambia akiwa amesimama mlangoni, maana ndani hapakuwa na kiti cha pili. "Aina inayozaa na isiyoyumba. Usiniletee hadithi."

"Kutoyumba kuna vipimo vingi, mkuu. Inategemea unauliza nini."

"Kila nikikuuliza kitu, kinategemea. Safari hii kisitegemee."

Akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapigiwa simu kila siku na watu waliotaka kujua watapanda nini, na yeye hakuwa na la kuwajibu.

Aina nyingi zilikuwa zimeshachujwa. Zilizobaki zenye nguvu, zisizopata kutu, zilikuwa mbili. Ya kwanza, Fahari, ilikuwa kazi ya watafiti vijana wa kituoni, ngano fupi yenye masuke yaliyojaa hadi yanainama. Ya pili iliitwa Mvumilivu, na aliyeizalisha alikuwa mjomba wake Bi Wastani.

Hapo ndipo pagumu. Baba yake alifariki akiwa mdogo, mama yake akabaki peke yake kwenye shamba la uwanda wa juu. Mjomba, ndugu wa pekee wa mama, alikuwa ameajiriwa kituoni kama mzalishaji mbegu. Akamchukua mpwa wake, akamlipia shule, akamlea katika nyumba ya kituo yenye vyumba viwili ambamo kabati la nguo lilijaa bahasha za masuke. Wakati wa likizo mtoto alimshikia kibano huku yeye, amepiga magoti mstarini, anatoa kwenye ua moja vifuko vya chavua, ule unga wa uzazi, na kulipaka chavua ya jingine, kisha analifunika mfuko wa karatasi kama anayemfunika mgonjwa. Wenzake walimtania kwamba ameoa ngano. Akawajibu kwamba angalau haimuulizi alikuwa wapi.

Mvumilivu aliianza mwaka ambao ukame uliteketeza mazao ya uwanda wa juu yote. Alikwenda kumsalimia dada yake akamkuta anachemsha mizizi. Aliporudi kituoni alianza kupandisha aina ndogo ya kienyeji, ngumu, isiyopendwa na mtu, na aina zinazostahimili kutu. Ilimchukua maisha yake ya kazi. Alipostaafu ngano ilikuwa bado majaribioni, na sasa figo zilikuwa zimemchoka. Hospitali yenye mashine ya kusafisha damu ilikuwa mjini, kwa hiyo aliishi sebuleni kwa mpwa wake, juu ya kitanda ambacho mume wa Bi Wastani, fundi seremala, alimtengenezea kwa mbao nene na ubao mrefu wa kuegemea.

Kwa hiyo jioni alipotoka kupima ngano ya mjomba, alikwenda kula meza moja na mjomba.

Kosa lake lilikuwa kusema mapema. Kipimo cha kwanza alichotumia ni kile chepesi kueleweka: unachukua mavuno ya aina moja katika vituo vyote, unatazama yametawanyika kiasi gani. Yakiwa karibu karibu, ngano hiyo haiyumbi. Alipobonyeza, Mvumilivu ikaja juu kabisa ya orodha. Fahari ilikuwa karibu na mkia. Alifunika kompyuta, akaenda nyumbani kabla ya muda, akamkuta mzee ameegemea ubao wake anasikiliza redio.

"Mjomba, Mvumilivu imeongoza."

Mzee alizima redio. Mkono wake ulikuwa umevimba mahali pa sindano. "Rudia."

"Kwa kutoyumba. Imeongoza."

Alicheka bila sauti, kisha akaomba anyanyuliwe akae vizuri, kana kwamba habari hiyo haifai kusikilizwa na mtu aliyelala. Akampigia simu dada yake kule uwanda wa juu, akapiga kelele kwenye simu mbovu: "Inatoka! Nimekwambia inatoka!" Bi Wastani alisimama pale na mkoba begani akitabasamu, lakini alijua hajamaliza.

Kesho yake akaendelea. Kipimo cha pili kinapanga vituo kuanzia kibaya hadi kizuri, kisha kinachora mstari wa kila aina na kutazama unavyopanda. Mstari wa Fahari ulipanda kama ngazi. Wa Mvumilivu ulikuwa karibu umelala chini. Ukiipeleka bondeni, ukaipa maji na mbolea, inakuletea mavuno yale yale ya mahali pakavu. Haisemi hata ahsante. Kipimo cha tatu kinauliza: katika kila kituo, aina hii iko umbali gani na iliyoongoza hapo? Mvumilivu ilikuwa inaburuta mguu karibu kila mahali. Bondeni ilizidiwa zaidi ya mara mbili. Ndipo alipoelewa kipimo cha kwanza kilikuwa kinasifu nini. Ngano ile haikuyumba kwa sababu haikuwahi kwenda mbali. Mtu aliyelala haanguki.

Aliweka kichwa juu ya meza. Mpimaji mmoja alipita dirishani akadhani amesinzia, akagonga kioo kwa utani. Hakuinua kichwa.

Kilichobaki kilikuwa mchoro. Hiki ni kipimo kirefu zaidi, kinachotenganisha mavuno yanayotokana na mahali, yanayotokana na mbegu, na yale yanayotokana na mbegu fulani kukutana na mahali fulani, halafu kinaweka kila kitu kwenye karatasi kama nukta. Bonde, miteremko na udongo mweusi vilijikusanya upande mmoja, na Fahari katikati yao. Kwenye kona ya mbali kabisa kulikuwa na uwanda wa juu peke yake. Na kando yake, imeshikana nao kama wageni wawili wasiojulikana na mtu karamuni, ilikuwa Mvumilivu.

Alirudi kwenye tarakimu mbichi. Miaka ya ukavu, uwanda wa juu ulikuwa umeipa Fahari karibu na sifuri. Mvumilivu ilitoa gunia lake dogo, lile lile, mwaka baada ya mwaka.

Basi hakuna kipimo kilichokuwa kimekosea. Kila kimoja kilikuwa kimeulizwa swali lake kikalijibu. Wastani wa nchi nzima ulisema Fahari. Uwanda wa juu ulisema la, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Alimweleza mumewe karakanani, amekaa juu ya ubao huku mume akipiga randa.

"Mimi nikipima mlango kwa futi nne, kila moja ikanipa lake, natupa futi," mume alisema.

"Futi ziko sawa. Moja inapima urefu, nyingine upana, nyingine uzito."

"Basi wanataka mlango wa namna gani?"

"Wanataka mlango mmoja uingie nyumba zote."

Mume aliacha randa. "Na mzee umeshamwambia?"

Hakuwa amemwambia. Alimwambia siku ya hospitali, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine wakisubiri jina lake liitwe. Alieleza polepole, kipimo baada ya kipimo. Mzee alisikiliza akitazama sakafu. Alizijua hesabu hizi vizuri; ndiye aliyemsukuma akasomee takwimu. Hakubisha hata tarakimu moja.

"Una kipimo kinachosema Mvumilivu ni ya kwanza," alisema mwishowe. "Umekipata kwa njia halali. Peleka hicho."

"Nikipeleka hicho peke yake ni uongo, Mjomba."

"Uongo uko wapi? Walitaka isiyoyumba. Hiyo haiyumbi."

"Watu wa bondeni watapata nusu ya wanachoweza kupata. Wako wengi."

"Watapata nusu, watakula nusu." Aligeuka akamtazama, macho yamekuwa mekundu. "Sasa niambie wewe. Watu wa kwetu wakipanda Fahari, mvua isije, watakula nini? Mama yako atakula nini? Nitajie kipimo kinachojibu hilo."

Muuguzi akaita jina, na mzee akanyanyuka kwa kushika ukuta, akakataa mkono wa mpwa wake.

Siku zilizofuata Bi Wastani alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani bila kata. Nyumbani mzee alirudi kumwomba, na safari hii hakubishana tena. Aliomba tu. Mtu aliyemlea, aliyekuwa anakaripia wakurugenzi, alimshika mkono wakati anapokea sahani akasema, "Mwanangu, nimebakiwa na hii tu." Mzee akashindwa kula, na Bi Wastani akashindwa kula. Ofisini aliandika matokeo kwa kipimo kimoja tu akaufuta ukurasa, akauandika tena, akaufuta. Lililomtesa zaidi ni kwamba hakuwa na hakika kwamba mjomba amekosea. Pungufu kwa wengi au njaa kwa wachache: hilo halikuwa swali la takwimu hata kidogo, lakini walikuwa wamemtupia yeye ili alijibu kwa kompyuta.

Akaona njia moja. Angewaonyesha kamati vipimo vyote, halafu aombe aina mbili. Fahari kwa sehemu kubwa ya nchi, Mvumilivu kwa uwanda wa juu. Ilikuwa wazi kiasi kwamba alianza kulala.

Kamati ilikaa ukumbini kwa mkurugenzi, mezani kuna chupa za maji na mapazia yamefungwa ili mchoro uonekane ukutani. Bi Wastani alizungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza. Alionyesha ngazi ya Fahari na mstari uliolala wa Mvumilivu, hakuficha kitu. Kisha akaonyesha ile kona ya mbali.

"Hapa hatuna nchi moja," alisema. "Tuna nchi mbili. Kila kipimo kinachotafuta aina moja ya kushinda kote kitazionea."

Mwenyekiti, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, aliuliza, "Uwanda wa juu unatoa sehemu gani ya ngano yote?"

"Ndogo, mheshimiwa. Chini ya sehemu moja ya ishirini."

"Na shamba la mbegu lina nafasi ya aina ngapi?"

Mkurugenzi akajibu badala yake. "Moja."

"Tungeweza kugawa," Bi Wastani alisema. "Hata robo. Hata kona ya shamba."

"Tukigawa, bondeni watakosa mbegu ya kutosha msimu huu, na huko ndiko kutu ilikoua zaidi." Mwenyekiti alivua miwani. Alionekana kusikitika kweli. "Mama, umetusaidia sana. Hakuna aliyewahi kutueleza wazi hivi. Kwa maelezo yako, ni Fahari."

Kwa maelezo yako. Maneno hayo mawili matatu yalimkata maini kuliko tusi.

Mjomba alikuwa anamsubiri akiwa amevaa shati la kola. Alimwona uso tu, akajua. Akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, vidole vinakataa, na mpwa wake alipoinama kumsaidia akamwacha amsaidie.

"Uliwaambia kila kitu?"

"Kila kitu. Na niliomba mbili, Mjomba. Niliomba hata kona."

"Najua uliomba." Alilivua shati, akalikunja mapajani. "Hukuwadanganya. Nilikufundisha hivyo mwenyewe, sina wa kumlaumu." Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Laiti ungewadanganya kidogo."

Wiki ile ile alisema hataki tena mashine. Daktari akamweleza maana yake, mzee akasema anaijua, arudishwe kwa dada yake. Walimbembeleza, mume wa Bi Wastani akafika mahali pa kulia mbele yake, lakini wapi. Wakakodi gari, wakaweka godoro nyuma, na miguuni pake akataka gunia lake, gunia dogo la Mvumilivu alilolihifadhi chini ya kitanda tangu alipostaafu. Bi Wastani alipanda naye hadi uwanda wa juu, akakaa siku alizoruhusiwa kazini, akarudi. Walipoagana mzee alimshika kichwa kwa mikono miwili, kama zamani mpwa alipokuwa akienda kufanya mtihani. Hakusema kwamba amemsamehe, na yeye hakuthubutu kuuliza. Hawakuonana tena. Alizikwa kabla ya msimu wa kupanda.

Fahari ilifika uwanda wa juu kwenye lori, mifuko mipya yenye picha ya suke. Bwana shamba alisimama kanisani, msikitini na sokoni akiieleza. Bi Wastani alimpigia simu mama yake. "Mama, hiyo usipande yote. Weka kiasi cha mbegu ya zamani."

"Mbegu ya zamani ipi? Ya kutu? Kila mtu kaitupa." Mama alicheka. "Na wanasema hii imepimwa na wewe. Watu wananishukuru njiani."

Mvua ilikuja, ikanyesha vizuri, ngano ikafika magotini ikiwa kijani kibichi. Halafu ikaondoka. Ilipotakiwa irudi wakati masuke yanajaa, haikurudi. Bi Wastani aliomba ruhusa akapanda gari kwenda kuona. Kuanzia barabarani alikuta mashamba yamesimama wima, ya rangi ya dhahabu, na kwa mtu wa mjini yangeonekana mazuri. Alishuka akakata suke moja, akalisugua kiganjani, akapuliza. Kiganja kikabaki kitupu.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, ameshika tama.

"Mama, lile gunia la Mjomba liko wapi?" Siku ya simu hakulikumbuka, lakini sasa ndilo lililokuwa kichwani mwake safari nzima. Lingetosha shamba moja. Shamba moja lingetosha mengine msimu unaofuata.

Mama aliondoa mkono shavuni. "Alikuwa hawezi kumeza kitu," alisema. "Kila nilichopika anakisukuma. Siku moja akasema, nisagie ile ngano yangu, unipikie mkate, nataka kujua ladha yake, maisha yangu yote sijawahi kuila. Nikasaga. Alikula, mwanangu. Alikula vizuri. Basi nikawa nasaga kidogo kidogo, kila siku, mpaka alipofariki. Iliyobaki tuliwapikia waliokuja msibani." Alimtazama mwanawe, akaona sura yake inavyobadilika. "Ilikuwa ya nini? Nimekosa?"

"Hapana, Mama."

"Mbona unalia hivyo?"

"Hujakosa kitu."

Alirudi kituoni akiwa hajalala vizuri, akaenda moja kwa moja kwa mtunza ghala. Magunia ya Mvumilivu yaliyobaki majaribioni hayakuwepo. Ghala lilisafishwa kupisha Fahari, alisema Panya kwa aibu, na mbegu za zamani ziliuzwa kwa wasaga chakula cha kuku. Akaenda kwa mkurugenzi. Huko hakuongea kama mtakwimu tena. Alipiga meza, akasema maneno ambayo mtu wa cheo chake hamwambii mkubwa wake, kwamba watu wanauza mabati ya nyumba zao kule, kwamba alionyesha mchoro, kwamba wote waliuona. Mkurugenzi alimwacha amalize. Uso wake ulikuwa umenyauka.

"Bondeni wamevuna kuliko miaka yote," alisema kwa sauti ya chini. "Miteremko pia. Ungekuwa wewe kwenye kiti hiki, ungefanyaje?"

"Sijui," akasema, na lilikuwa jibu la kweli, na hilo ndilo lililomfanya akae chini kwenye zulia la mkurugenzi kama mtoto.

Mkurugenzi alimpa ufunguo wa chumba cha baridi. Ndani, kwenye droo za chuma, kila aina iliyowahi kujaribiwa huachiwa sampuli. Alitafuta asubuhi yote, vidole vimekufa ganzi, mpaka akapata bahasha yenye namba ya Mvumilivu kwa mwandiko wa mjomba. Alimimina kiganjani. Ilikuwa konzi moja, na punje nyingine zilikuwa zimetobolewa na wadudu kabla hazijagandishwa.

Alijua hesabu yake bila kompyuta. Konzi moja, ikiota yote, inatoa debe. Debe linatoa magunia machache. Miaka inapita kabla uwanda mmoja haujapata ya kupanda, na watu wa uwanda hawakuwa na miaka. Tayari familia zilikuwa zinashuka na vitanda juu ya malori. Mama yake naye alishuka, baada ya kukataa mara tatu, na vyombo vyake kwenye beseni moja. Akapewa kile kitanda cha mbao nene.

Bi Wastani alizipanda punje zile kwenye kipande cha ardhi nyuma ya chumba chake, mkurugenzi akajifanya haoni. Alizipanda kwa mkono, moja moja, kwa kijiti. Karibu nusu hazikuota. Zilizoota zilikuwa fupi, nyembamba, za kijivu, na watafiti vijana walipita wakazitazama kwa heshima ya msibani.

Masuke yalipoanza kujaa wakaja ndege. Kwenye shamba kubwa ndege wanakula na mtu bado anavuna. Kwenye mistari minne wanamaliza kila kitu kwa asubuhi moja. Hakukuwa na pesa ya kulipa mlinzi kwa jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Ndipo mama yake akasema atakaa yeye. Akaletewa kigoda, bati kuukuu na fimbo. Alikaa pale tangu jua linachomoza, shela imefunika kichwa, akipiga bati na kuwatukana ndege kwa maneno ambayo wapimaji walikuja kusikiliza kwa siri.

Mchana mmoja Bi Wastani alimletea chai akakaa chini karibu naye. Mama alikuwa amechuma suke moja lililovunjika, analigeuzageuza.

"Hii ikivunwa itatosha watu wangapi?"

"Mwaka huu? Haimtoshi hata kuku."

"Na mwaka ujao?"

"Kama haitaliwa, kama mvua itakuwepo, kama watanipa ardhi. Bado haitoshi mtu."

Mama alilitia lile suke mfukoni, akanywa chai. "Na kule nyumbani nani atakuwepo wa kuipanda?"

Kundi la ndege likashuka upande wa pili wa mistari, na mama akanyanyuka kwa shida, akaanza kupiga bati.